Kidole Gumba Juu ya Goti

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo. Goti la Mama humsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anazunguka nyumba nzima akitafuta cha kulalamikia, kwa hiyo ujue ni mzima. Kibandani kwangu funguo zinachongwa kama kawaida. Watu bado wanapoteza funguo, Mungu awazidishie. Wifi yangu hajambo? Mwambie lile gauni alilonitumia limenikaa vizuri, ila mikono ilishonwa kwa mtu asiyefanya kazi.

Nije kwenye hoja. Nimesoma gazetini kwamba mwezi wa Aprili timu ya taifa itacheza kriketi na wageni katika uwanja wa huko kwenu, mechi ya siku tano. Mimi ni mwamuzi wa ligi ya wikendi tangu wewe hujaota ndevu, na sijawahi kuona mechi ya kimataifa kwa macho yangu. Ni televisheni tu, tena na Mama anapita mbele. Nataka kuja. Nitalala kwenu, hata sebuleni kwenye kochi lenye chuma kinachochoma mgongo. Siku mbili za uwanjani zinanitosha. Ninachoomba ni kimoja: viti viwe nyuma ya mrusha mpira, mstari mmoja na mahali anaposimama mwamuzi. Pembeni sitaki.

Aprili inanifaa kwa sababu Mei tuna shughuli. Mwenyekiti wa waamuzi ametangaza kwamba msimu huu kila mmoja atapimwa macho na masikio kabla ya kupewa koti jeupe.

Usinipigie simu. Mtandao wa huku mbovu, sauti inakuja vipande vipande. Niandikie.

Dada yako

19 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika Ijumaa, na wifi yako akaisoma kabla yangu, ndiyo desturi ya nyumba hii. Sote wazima. Kazini tumepewa jengo jipya lenye lifti nne. Fundi mkuu ananituma huko kila siku kwa sababu nasikia kamba ikisaga kabla mashine haijaonyesha kosa lolote. Wenzangu wananiita Popo. Sijui kama ni sifa.

Habari ya kuja kwako imemfurahisha wifi yako kupita kiasi. Ameshaandaa ratiba. Siku ya kwanza makumbusho, halafu boti mtoni. Siku ya pili soko la vitambaa, kisha ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu ili uone jiji lote. Kriketi ameiweka mwisho kama zawadi. Tiketi ameshanunua, hataki mzaha. Ni za siku ya tano, kwa sababu fainali ni siku ya mwisho, nani asiyejua? Viti viko pembeni, kivulini, karibu na vyoo na wauza soda. Anasema mtu wa umri wako usimchomeshe jua.

Jambo jingine. Jana nilimpigia Mama. Simu yake ni ya mtandao uleule wa kwako na tulisikilizana vizuri kabisa. Kaniambia birika limeungua kitako. Lilipiga filimbi jikoni mpaka yeye akainuka kitandani na goti lake, akakukuta umekaa hapohapo kando ya jiko unasoma gazeti.

Dada, masikio yako vipi?

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikafika kwenye tiketi nikakaa.

Siku ya tano! Hii si mpira wa miguu, jamani. Mechi ya siku tano ni mechi moja ile ile, inaanza siku ya kwanza na kuendelea pale ilipoachwa jana. Timu ikizidiwa inaweza kumalizwa siku ya tatu, watu wakapeana mikono wakaenda zao. Siku ya tano ukifika unakuta mfagizi na ndege. Mwambie wifi yangu nampenda sana, lakini kama anataka kuniona nimevaa kofia mpya, nimekaa peke yangu katika uwanja mtupu nakunywa soda, basi tiketi alizonunua ndizo. La sivyo abadilishe. Siku ya kwanza na ya pili, nyuma ya mrushaji. Jua nalijua. Nimesimama juani Jumamosi zote za utu uzima wangu.

Makumbusho hapana. Boti hapana. Ghorofa ya juu nitapanda, kwa heshima ya kazi yako.

Kuna kitu kingine. Viwanja vikubwa hukodisha redio ndogo za kuvaa sikioni. Zile redio hupokea sauti ya kipaza kilichofichwa kwenye vijiti vya wiketi, vile vitatu nyuma ya mpigaji, kwa hiyo ukiwa jukwaani unasikia kama umesimama pale kati. Kodi mbili, yako na yangu. Na ujifunze kuanzia sasa, maana najua wewe ni mtu wa mpira wa miguu. Mpira ukimgonga mpigaji mguuni, kwenye pedi ya kumkinga, ni mlio wa kupiga godoro. Kibao chake cha kupigia kikigonga ardhi, ni mlio wa kisigino. Lakini mpira ukiparua tu ukingo wa kibao ukadakwa na mlinda wiketi nyuma yake, mlio ni mdogo na mkavu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Huo ndio unaomtoa mtu uwanjani. Tazama mechi kwenye televisheni, ujizoeze.

Birika lilikuwa la zamani.

Dada yako

21 Machi

Dada, shikamoo.

Nimechelewa, unisamehe. Mosi, kazi. Pili, wifi yako alikununia kwa sababu ya ile barua na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alikwenda mwenyewe kubadilisha tiketi, akapanga foleni na wanaume waliokuwa wakimweleza kriketi bila kuulizwa, akarudi anaumwa kichwa. Lakini amezipata. Siku ya kwanza na ya pili, nyuma ya mrushaji kama ulivyotaka, viti vitatu. Ndiyo, vitatu. Anasema baada ya foleni ile lazima aone ni nini hasa kinachowatia watu wazimu. Redio nimeweka oda mbili. Yeye hataki, ana masikio yake.

Nimejizoeza pia. Njiti ya kiberiti naisikia hata mtangazaji akiwa anaongea.

Sasa na mimi nina sharti. Nilikuuliza swali, ukanijibu habari za birika. Nikiitwa kwa sababu lifti imekwama, sianzi kwa kufuta kioo chake. Unataka nivae redio, nijifunze milio, nikae kando yako siku mbili. Ya nini? Usiponiambia, nitakupokea kituo cha basi, nitakupeleka makumbusho na uwanja tutausikia kwa mbali.

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, anasema Jumapili umpigie mapema kabla hajasinzia.

Haya, umeshinda. Sauti nene nazisikia zote: lori, mlango, Mama akigomba. Nyembamba ndizo zilizonikimbia. Filimbi, ndege wa asubuhi, mlio wa simu, mtoto akiongea. Nadhani ni mashine ya funguo. Chuma kimelia usoni kwangu miaka yote hii, nami nikijitia ngangari, eti kuziba masikio ni woga. Na mlio wa mpira kuparua kibao ni mwembamba kuliko yote. Msimu uliopita timu nzima ilipaza mikono kudai mpigaji ametoka, nami sikuwa nimesikia kitu. Nikasema hajatoka. Mpaka leo sijui kama niliamua au nilibahatisha.

Mtihani wa Mei haunitishi. Mwenyekiti amesema atasimama nyuma yako anong'one nambari, na mwenyekiti wetu akinong'ona barabara nzima inageuka. Nitaupita. Ninachoogopa ni kusimama pale kila Jumamosi na kudhulumu watu kwa kidole kimoja, maana nikikinyanyua juu mtu ametoka. Nataka kujua kabla ya hapo. Kama sisikii, navua koti, basi. Na nikilivua, mdogo wangu, sijui nitakuwa nani. Siku nyingine mimi ni mwanamke wa funguo. Jumamosi watu wazima wanasimama kimya wakisubiri nitasema nini. Naipenda hiyo kuliko ninavyopaswa.

Usiniletee habari za vifaa vya kusikilizia. Mwamuzi mwenye kifaa sikioni, kila akiamua wataulizana kama betri imeisha.

Tutafanya hivi. Kila watakapodai mpira umegusa kibao, mimi nitaamua moyoni kwa nilichosikia redioni. Wewe uwe umeweka mkono juu ya goti. Ukisikia njiti imevunjika, nyanyua kidole gumba. Usiposikia, kilaze. Nitakitazama nikishaamua. Hakuna kuongea. Usimwambie wifi. Na usinionee huruma, ya Mama inanitosha.

Dada yako

23 Aprili

Mdogo wangu,

Nilifika salama, basi lilichelewa kidogo tu. Mama alinipokea kwa kuuliza nimemletea nini, nikampa kile kitambaa cha wifi, akasema rangi inapauka. Anakivaa kila siku.

Asanteni sana. Nimekula, nimelala, nimeliona jiji kutoka juu. Na uwanja, jamani! Sikujua nyasi zinaweza kuwa kijani vile. Mrushaji wa wageni alipoanza kukimbia kuja upande wetu nilisahau kupumua. Wifi amenishangaza. Asubuhi ya kwanza alikuwa anauliza kwa nini wanasimama kunywa chai, jioni anamfokea mwamuzi wa kimataifa. Nilimwonea mwenzangu huruma.

Sasa nakuuliza jambo. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, yule mpigaji wa mkono wa kushoto. Mpira ulipita, mlinda wiketi akadaka, wakadai. Sikusikia kitu, nikaamua hajatoka. Nikatazama goti lako, kidole kimelala. Mwamuzi naye akatikisa kichwa. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikajifanya ni jua. Ndipo wakaomba mwamuzi wa televisheni aangalie upya. Kwenye kile kioo kikubwa tuliuona mstari wa sauti umelala, na mpira ulipopita kwenye kibao mstari ukaruka. Akatolewa.

Nikajiambia, hata mwamuzi mwenyewe hakusikia, sembuse mdogo wangu. Lakini mwamuzi hakuwa na redio ya kipaza, wewe ulikuwa nayo. Na kwenye basi nikakumbuka kitu. Tulipokuwa tunapanda jengo lenu kwa lifti, katikati ya safari uliinua kichwa ukasema kuna nati imelegea juu huko. Mimi na wifi hatukusikia hata hewa. Mtu huyo asisikie njiti ya kiberiti iliyovunjwa ndani ya sikio lake?

Nikaanza kuvifikiria vidole vyote vya siku mbili. Vilikubaliana nami kila mara. Kila mara! Hata pale mwamuzi alipomtoa mtu ambaye mimi nilimwacha, kidole chako kilikuwa upande wangu, nikaona heri tumekosea wawili. Watu wawili wenye akili timamu hawakubaliani hivyo. Ulikuwa unanisoma uso kwanza, kisha unalaza kidole au unakinyanyua.

Niandikie ukweli. Mtihani ni mwisho wa Mei.

Dada yako

10 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata barua. Mama anasema Jumapili ulimpigia, mkaongea habari za goti lake mpaka salio likakata. Kwa hiyo uko hai na mdomo unao.

Nangoja.

Dada yako

14 Mei

Dada, shikamoo.

Wifi yako mzima, anauliza mechi nyingine ni lini na kama sasa hivi anaweza kununua tiketi za siku sahihi. Lifti zote nne zinatembea. Mama nimezungumza naye kama ulivyosema. Zaidi ya hapo sina habari ya kujifichia.

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana.

Hukusikia, dada. Si yule wa mkono wa kushoto tu. Mipira mingi iliyoparua kibao siku zile mbili ilikupita. Mimi niliisikia yote, wazi kabisa. Michache uliyoipata, nadhani uliipata kwa macho, kwa jinsi wachezaji walivyoruka. Ndiyo, nilikuwa nakutazama uso. Mara ya kwanza kabisa, asubuhi ya siku ya kwanza, nilinyanyua kidole kwa haki. Hukukiona, kwa sababu kabla hujageuka niliuona uso wako umetulia, huna wasiwasi wowote, nikakilaza. Sikuweza. Ulikuwa umevaa kofia mpya. Baada ya hapo nisingeweza kurudi nyuma, nikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Uliniomba nisikuonee huruma na nikakuonea huruma. Nimeona aibu tangu siku ile, ndiyo maana hukupata barua.

Sasa na lingine, ambalo pia ni kweli. Mipira iliyowagonga miguuni, pale ambapo mwamuzi anatumia macho kuona kama ingekwenda kwenye wiketi, uliamua sawa karibu yote. Ulinong'ona uamuzi kabla ya mwamuzi, wifi yako akadhani unabahatisha. Hilo mimi siwezi hata nikijizoeza mpaka nizeeke.

Ulisema nisikuletee habari za vifaa vya kusikilizia. Nazileta. Mimi nikipanda juu ya lifti navaa mkanda, na kuna wajinga wanaocheka mkanda. Siuvui kwa sababu yao. Ukiona koti umelivua kwa sababu husikii, nitakuelewa. Ukilivua kwa sababu ya utani wa betri, sitakuelewa kamwe, na nitakuja huko nikwambie kwa sauti nene uisikie.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe, zamu hii mchelewaji ni mimi. Mama hajambo. Nimegundua anaongea peke yake akiwa jikoni, na mengi yananihusu.

Barua yako niliisoma kibandani. Nililia, mteja akadhani ni vumbi la chuma, akanipa leso. Nilikukasirikia siku nzima kwa vidole vile. Halafu hasira ikaisha, ikabaki kazi ya kufanya.

Siku ya mtihani mwenyekiti alisimama nyuma yangu akanong'ona nambari zake. Nikazitaja zote. Akaanza kuandika kwamba nimefaulu, nikamwomba aweke kalamu chini. Nikamweleza kila kitu: birika, mpigaji wa kushoto, wewe. Akasema koti langu litabaki kabatini kwake mpaka niende hospitali, na kanuni haikatazi vifaa, ila hakuna mwamuzi wake aliyewahi kuvivaa. Nikasema basi atakuwepo mmoja.

Jumamosi mbili nilikaa nyumbani. Sikupenda hata kidogo. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Vifaa nimepewa viwili, vidogo, vinakaa chini ya kofia. Siku ya kwanza nilitaka kuvitupa. Karatasi zinapiga kelele, maji yanapiga kelele, na mashine ya funguo ni balaa tupu, sasa naziba masikio kama nilivyotakiwa tangu zamani. Mwenyekiti alinipeleka uwanja wa mazoezi, akanigeuza nyuma nisione kitu, wakarusha mipira, nami nikawa nanyanyua kidole kila ninaposikia kibao kimeguswa. Nilikosea mara chache, kama wenzangu. Akafungua kabati.

Jumamosi iliyopita nilisimama. Kabla ya kurusha sarafu niliwaambia manahodha wote wawili kwamba nimevaa vifaa, asije mtu akasema alifichwa. Mmoja akatabasamu, sikumjali. Mpira haukuwa umechakaa bado wakati mrushaji wao mrefu alipotupa mmoja uliopita karibu sana na kibao, mlinda wiketi akaudaka, timu nzima ikapiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshasikia kabla yao. Mlio mwembamba, safi, usio na shaka. Nikakinyanyua kidole.

Mpigaji alisimama akinitazama. Kisha akaanza kutoka taratibu, kama wanavyotoka wanaojua kwamba wametoka. Alipokuwa ananipita aliinamisha kichwa, akasema chinichini, kwa meno, kwa ile sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba hasikiki, "Likizee kiziwi hili."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Nililisikia neno lote, mdogo wangu, mpaka herufi ya mwisho.

Dada yako